Masaa ya Ndege mu Kasha ya Plomb

Kolwezi, tarehe 5 Agosti 2024

Shemeji Gracien,

Umenifunga ku WhatsApp, sawa. Karatasi haifungwe. Hii barua namupa Papy, ule wa kamyo ya makala ya kupikia, ataiweka mu mikono yako pa gare, kituo ya treni ya Mutshatsha. Utaisoma, juu wee ni karani na dyakoni, huwezi kupasula barua mbele ya bantu.

Siku ile mulikuya na kamyo, mi nilikuwa mu chumba. Unajua vizuri. Desturi yenu inasema mujane akae chini ku matela, godoro yake, asitoke, asifungue kinywa mpaka ukoo ya bwana imutoe kilio. Njo mulichagua ile saa! Nilisikia frigo inavutwa, nikanyamaza. Nilisikia televizyo inatoka, nikanyamaza. Mashini yangu ya kushona, ile mama yangu aliniachia, nikauma kitenge na meno. Kisha nikasikia mumoja wenu anauliza, "Na hii michuma ya ndege?" Na wee, na sauti yako ile ya kuongoza sala, ukajibu: "Beba yote. Ni ya mukubwa wangu."

Ya mukubwa wako! Aibu haikushike? Siku gani ulishika turnevisi ya kufungua skrubu mu atelier, karakana ya Mukalay? Siku gani ulikuya kutusaidia ata kupangusa vumbi? Kila Noeli ulikuwa unacheka: "Bantu bote ba Kolwezi banatafuta kobalti, ndugu yangu anatafuta mavi ya ndege."

Acha nikukumbushe. Mukalay alitengeneza masaa ya ndege ku kiwanja mpaka bakafunga atelier yao. Kutoka pale akaanza kuzungukia bantu ba mitraille, bale banauzisha vyuma vya zamani kwa kilo, anatafuta tablo za ndege za vita: ule ubao wa chuma mbele ya piloti, wenye masaa ya kuonyesha urefu, mbio, mafuta. Ile ya Harvard, ndege ya zamani ya kufundishia mapiloti ba vita, tuliikuta Nzilo, ilikuwa mulango ya nyumba ya kuku. Mi njo niliikwangula mavi ya kuku. Yeye alifufua mashini za ndani, mi niliandika namba upya, moja moja, na burashi ya nywele chache, pumzi nimeshika. Siku mushale ya urefu ilipanda mara ya kwanza, alipiga kelele mpaka majirani bakafikiri tumeingiliwa na mwizi.

Ile tablo nusu yake ni mikono yangu. Naitaka. Frigo kaa nayo, ikupatie baridi.

Na kitu kimoja tena. Nyuma ya atelier, chini ya mawe, mulichukua kasha ndogo ya plomb, ile chuma nzito ya ndani ya batri. Ile usifungue. Irudishe namna iko. Leo nimekasirika, sina nguvu ya kukuelezea kama mutoto wa shule. Usifungue, basi.

Honorine Kabedi
bibi ya Mukalay, upende usipende


Mutshatsha, tarehe 9 Agosti 2024

Kwa Mama Honorine, mjane wa marehemu mkubwa wangu,

Salamu katika jina la Bwana.

Barua yako nimeipokea mbele ya wafanyakazi wenzangu wa gare, nao wakauliza kwa nini naikunja ngumini. Niliikunja kwa hasira, Mama. Tangu lini mwanamke ambaye bado yuko katika kilio anamwandikia ndugu ya mume wake maneno kama ya sokoni?

Kwetu mali ya mume hurudi kwa ukoo. Si mimi niliyetunga desturi hiyo. Ungekuwa umezaa naye, watoto wangesimama leo na kusema "hiki ni cha baba," nasi tungewaachia. Hukuzaa. Sasa unataka tuamini kwamba uliandika namba, kwa hiyo ndege ni yako? Hata mpishi hadai nyumba kwa sababu alipika ndani yake.

Juu ya ile kasha nitakujibu kama mtu mzima. Ulichokataza ndicho tulichofungua. Ilikuwa nzito ajabu, na mimi nikajiuliza: ni nani anayefukia kitu chini ya mawe, kama hakina thamani? Tukakuta saa kuukuu za ndege zimefungwa kwa vitambaa na nta. Basi! Kwa takataka hizo ulitaka kunitisha?

Tablo mke wangu Huguette ameitundika salon, sebuleni kwetu, juu ya televisheni. Ni nzuri, sikatai, hata Pasta Kabemba aliisifu. Saa moja ya kasha nimeiweka mezani pangu kazini. Ile ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka nimempa binti yangu Jémima. Ana miaka saba, anazungusha mshale kwa kidole na kusema anaendesha ndege kwenda kwa baba mkubwa mbinguni. Anailalia chini ya mto. Unaona basi kwamba vitu vya Mukalay vimefika kwa watu wanaompenda.

Gracien Kyungu


Kolwezi, tarehe 11 Agosti 2024

Gracien!

Toa ile saa mu mikono ya mutoto. Sasa. Weka hii barua chini, enda umunyanganye, kisha urudi kusoma.

Umeitoa? Sikiliza. Ile rangi ku uso wa masaa ya zamani, ile piloti alikuwa anaona mu giza, ilitiwa radium. Wee ni mutoto wa Katanga, unajua Shinkolobwe, ule mugodi ya uranium, unajua yale mawe banakatazaga bantu kugusa. Radium inatoka mu mawe ya vile. Mwangaza yake ilisha kufa zamani, imebakia rangi ya chai, lakini sumu haikufa. Itakuwa pale wakati bajukuu ba bajukuu yako batakuwa bamesahauliwa. Poda yake ikiingia mu kinywa inaenda kukaa mu mifupa kama ni nyumbani kwake. Na kile kioo kimepasuka, Gracien! Mutoto anatia kidole, kisha analamba kidole, kisha analala na ile kitu chini ya shavu!

Mukalay hakukuwa mujinga. Kila saa ya ndege, mbele ya kushika turnevisi, alimwita Ernestine wa laboratwari ya mugodi, anakuya na kashini, kale kamashini kake ka kupima sumu ya radium. Kashini ikinyamaza, tunafanya kazi. Ikilia, saa haifunguliwe. Anaitia nta, anaizungusha kitambaa, anaifunga mu plomb, na ku tablo anaweka uso mupya wa rangi safi. Njo maana tablo ya salon yako haina neno. Ile ya kasha njo yenye kulia. Alikuwa anangoja serikali ituambie pa kuipeleka. Anangoja, anaandika, anangoja, na tension, presha ya damu, ikamuangusha mu barabara.

Vaa plastiki ku mikono. Yote irudi mu kasha, ile ya ofisi yako pia. Fua shuka ya mutoto. Umuogeshe na sabuni, kichwa mpaka miguu. Usifagie poda, panguza na kitambaa ya maji, na kitambaa kiingie mu kasha vilevile.

Wee ulisema mi nataka kukutisha. Tishika basi! Mukiendelea kukaa na ile kitu mu nyumba itabamaliza moja moja, wee Gracien wa kwanza, na hautasema sikukuambia!

Lile neno ya kuzaa nimelisoma. Nitalijibu siku ingine, mutoto akisha kuwa salama.

Honorine


Mutshatsha, tarehe 15 Agosti 2024

Honorine,

Sikuiti tena Mama.

Barua yako niliisoma mbele ya ukoo, na Pasta Kabemba alikuwapo. Sentensi moja wakaniomba niirudie, na niirudie tena: "itabamaliza moja moja, wee Gracien wa kwanza." Shangazi yangu akaanza kulia palepale. Tumeishi na wewe miaka, tumekula kwako, na hatukujua tunakula na nani.

Jémima ana homa. Ilianza siku ileile Papy aliposhusha barua yako. Dispansari wanasema malaria, wametoa dawa. Malaria tunaijua, inakuja kila mwaka. Lakini haijawahi kuja na barua.

Unazungumza habari za mawe. Mimi nimesoma, usinifanye mjinga. Tochi ikizima imekufa. Kitu kisichoangaza kinapata wapi nguvu ya kuua? Na kama ni sumu, mbona ulikaa nayo nyuma ya nyumba yako na uko mzima, unaandika matusi? Aliyekufa ni Mukalay. Aliondoka asubuhi akiwa na nguvu zake, jioni tukaletewa maiti. Fikiri nasi tunavyofikiri, Honorine. Ulijuaje kasha imefukiwa wapi? Ulijuaje isifunguliwe? Mwenye kuweka kitu ndiye anayejua kitu.

Hilo ni bulozi, ni uchawi. Ulimla mume wako kwa vitu hivyo, na sasa unatutafuta sisi.

Zote nimezikusanya, na ile ya ofisi. Ziko uani kwa kanisa. Jumapili zitachomwa moto mbele ya waamini wote. Na tablo itachomwa pamoja nazo, kwa sababu namba zake ziliandikwa na mikono yako.

Dyakoni Gracien Kyungu


Kolwezi, tarehe 17 Agosti 2024

Gracien, usichome.

Nilikupigia na simu ya Ernestine. Ulisikia sauti yangu ukakata. Nikapiga tena, ukazima. Ningekuya mi mwenyewe, lakini ukoo yenu ilisema nikikanyaga Mutshatsha mbele ya kutolewa kilio batanipiga mawe. Papy naye anangoja pneu, mupira mupya ya gurudumu, hajue kama ataondoka leo ao kesho. Namuomba kama namuomba Mungu.

Moto haiue radium! Ungechoma mu tanuru ya kuyeyusha shaba, ingetoka vilevile. Moto inaifanya vumbi na moshi, na moshi haichague mulokole na mupagani, inaingia mu mapafu ya bote. Na huu upepo ya kiangazi! Muko na akili kweli?

Unauliza nilijuaje kasha iko wapi. Juu nilikuwa bibi yake! Nilishika taa wakati anachimba! Mi kumula Mukalay, mi niliyekuwa namupima tension asubuhi na mangaribi, namufichia chumvi kama mutoto? Ungesema maneno ile mbele yangu, Gracien, ningekupiga kofi, dyakoni ao hapana.

Choma tablo. Umenisikia? Choma ile tablo yangu ya Harvard, kama roho yako haitatulia bila kuchoma kitu. Ni safi, haitadhuru muntu, na machozi yake nitalia peke yangu. Lakini ile ya kasha acha ilale mu plomb.

Honorine


Mutshatsha, tarehe 19 Agosti 2024

Honorine,

Barua yako ya Jumamosi imefika leo Jumatatu. Mungu alijua, akazuia gari la Papy mpaka kazi yake iishe.

Jana tulichoma. Waamini walileta makaa, kila nyumba na mfuko wake, na petroli juu. Tablo yako ilijikunja, ikatoa machozi ya alumini, na watu wakapiga vigelegele. Zile saa za kasha zilipasuka moja moja kama mahindi. Pasta alisoma lile neno la kukanyaga nyoka na nge. Kisha majivu yalipopoa tukavua viatu, tukaingia sote juu yake, tukiimba na kukanyaga nguvu zako. Jémima alitangulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeguswa. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Watoto wa shule ya Jumapili wakamfuata, wanaruka, wanacheka, na vumbi likapanda mpaka hatukuonana. Sijawahi kuona furaha kama ile tangu tulipomzika ndugu yangu.

Pasta ameagiza kwamba aliyekanyaga asioshe miguu mpaka Jumapili ijayo, ili ushindi umkae mwilini. Siku hiyo majivu tutayamwaga katika shamba la kanisa, ardhi nayo ibarikiwe.

Tumekusamehe. Lakini usiandike tena.

Dyakoni Gracien Kyungu


Mutshatsha, tarehe 20 Agosti 2024

Mama Honorine,

Ni mi, Huguette. Gracien hajue naandika. Papy amekubali kunyamaza.

Homa ya Jémima ilipoa, sasa anakohoa. Batoto bengine nao banakohoa, bantu banasema ni vumbi ya kiangazi. Barua zako nimezisoma, Gracien anazifichaga mu Biblia. Siku ulisema tufue shuka, nilienda kuangalia, nikakuta poda ya rangi ya chai ku mto, pa kinywa ya mutoto. Nilifua kwa kuiba. Nilitaka kumuogesha na miguu, mama mukwe akanikamata na beseni mu mikono, akaita jirani, bakasema nataka kuondoa ushindi, labda na mi niko wa kundi yako. Sasa banamulaza ku nyumba ya mama mukwe, mi sina ruhusa ya kumugusa.

Sijue wee ni nani. Kama uliloga, nakupigia magoti, toa kitu yako ku mutoto yangu. Kama haukuloga, basi uniambie nifanye namna gani basikie, juu mi nasema kila siku na hakuna mwenye ananisikia.

Huguette


Kolwezi, tarehe 21 Agosti 2024

Huguette, mwana mama,

Sikuloga muntu. Sikumula bwana yangu. Nakuandikia wee peke yako, ujue ukweli, ata ukiwa mumoja tu ku dunia.

Nimelala na barua yako ku kifua. Nimekasirika mpaka hasira ikaisha, kisha ikarudi. Nimebaeleza ya laboratwari, hawakusikie. Nimebaeleza ya Shinkolobwe, hawakusikie. Nimelia, bakasema ni machozi ya kinafiki. Mujane habamusikie, mama ya mutoto habamusikie. Kuna muntu mumoja tu bale batamusikia.

Hii karatasi ingine umupe Pasta, mu mikono, mbele ya bantu mingi. Usimupe Gracien kwanza, anaweza kuificha. Pasta aisome kwa sauti. Wee jifanye unaniogopa.

Honorine


Kolwezi, tarehe 21 Agosti 2024

Kwa Pasta Kabemba, kwa Dyakoni Gracien, kwa waamini bote ba Mutshatsha,

Mi Honorine Kabedi, mujane ya Mukalay, nakubali. Niko mulozi.

Mulitafuta mulozi, mumemupata, anaandika na mikono yake na anatia jina yake chini. Nililoga zile masaa. Na mulidanganyika siku ya Jumapili, juu dawa yangu haikukufa mu moto. Iko mu majivu. Iko ku miguu ya kila muntu alikanyaga, na iko na nguvu kushinda zamani. Mulizani munanikanyaga, kumbe munanibeba munaingia na mi mu nyumba!

Sasa sikieni, juu mwenye kufunga njo anajua kufungua. Leo hii, mbele ya kula, mbele ya sala, kila muntu aliyekanyaga aoshwe na maji mingi na sabuni: miguu, mikono, nywele, ndani ya kucha. Batoto ba kwanza, na Jémima mbele ya bote. Amuogeshe mama yake na hapana muntu mwingine, nimefunga hivyo. Nguo za siku ile zifuliwe peke yake. Majivu yamwagiwe maji pole pole, musifagie, yafunikwe na udongo wa maji, na muntu asikaribie. Hapana ata kijiko moja kuingia mu shamba. Mukimwaga mu sombe, yale majani ya muhogo yenu, mutanikula mu sombe.

Siku ya Jumamosi nakuya mi mwenyewe. Mukitaka kunipiga mawe, mutanipiga nikimaliza kazi. Nakuya na mwanamuke mwenye kashini inayolia. Ile kashini njo fetishi yangu, hirizi ya bulozi. Pale italia mutachimba, mutatia mu fûti, pipa ya chuma, mutafunga. Kashini itapita ku mwili ya kila mutoto. Kisha nataka Jémima. Nataka na bale bengine kashini italilia. Nitabapeleka ku hopitali ya Kolwezi, baangaliwe na munganga, na mama yake atamusindikiza. Mukikatala, sitafungua.

Gracien, wee uliniita mulozi mbele ya ukoo, nikakuapia kwamba hapana. Nilikuwa na jina nzuri mu Kolwezi. Bantu banatuma bana yao kwangu kulala wakiwa na kilio. Kesho Papy atakuwa amesema pa gare, kesho kutwa soko nzima itajua, na bale bana habatakuya tena. Umeshinda. Pasta, andika mu kitabu ya kanisa, tieni sahihi, nami nitatia yangu.

Lakini muogeshe mutoto leo. Usingoje Jumapili.

Mulozi wenu,
Honorine Kabedi